Mikono inakufa ganzi nikipandisha Newala alfajiri na pikipiki, wenzangu mnafanyaje?

mchuuzi_wa_feri

Wakuu habari za saa hizi. Mi niko Mtwara mjini, kazi yangu samaki, nawachukua feri, soko la samaki, usiku napandisha Newala na pikipiki, Boxer 150, deli liko nyuma limejaa barafu. Najua wa mikoa ya baridi mtacheka mkisikia mtu wa Mtwara analia baridi, na ni kweli hapa chini hata kipupwe watu wanalala na feni. Ila toka saa tisa usiku mwezi huu wa saba kusi limechachamaa, ukishaiacha Nanyamba unaitafuta Tandahimba hali inabadilika kabisa, na ukikaribia Newala kuna siku ukungu umeshuka mpaka taa inaishia hapo hapo mbele ya tairi.

Mwili naumudu, nina sweta na koti. Shida vidole. Vinaanza kuuma, vinauma weee, halafu vinaacha kuuma, na vikiacha ndo pabaya maana sivisikii tena. Wiki iliyopita nimekuta mbuzi wamejilalia barabarani baada ya kona, nashika breki naona kwa macho vidole viko kwenye leva ila sijui nimebana kidogo au nimebana sana, nimesimama kwa breki ya mguu zaidi. Nikifika sokoni siwezi kufungua fundo la kamba ya deli, kuna mama muuza mihogo ndo ananifungulia, na akinipa mtu chenji sarafu zinanidondoka. Vikija kupata joto sasa, hayo maumivu yake sitaki hata kuyaelezea.

Glovu ninazo, zile za kufumwa za dukani, hazina msaada upepo unapita tu. Nimeona mtandaoni kuna gripu za umeme zinapasha moto mikono, mtu anaweza kuniagizia toka Dar. Je kwa pikipiki kama hii zinafaa au nitaua betri? Au kuna njia ya kawaida tu mnatumia? Na msiniambie nipande gari, mzigo wa gari unafika soko limeshachangamka bei imeshaanguka.

Lindi_Kwetu

Hahaha baridi ya Mtwara tena. Mkuu gonga nipa, pombe kali yetu ya kienyeji, kikombe kimoja kabla hujawasha, Newala utafika unatoka jasho.

nesi_wa_kusini

Kaka wa hapo juu najua unatania lakini kuna watu watasoma wafanye kweli. Pombe inafanya mishipa ya damu ya kwenye ngozi ifunguke, ndo maana unahisi joto usoni na mikononi, ila hilo joto ndo linatoka mwilini linaenda na upepo, baada ya muda mwili wa ndani unapoa zaidi ya yule ambaye hakunywa. Hapo bado hujaongelea kuendesha umelewa usiku kwenye ukungu. Sigara nayo hivyo hivyo haifai kwa sababu yenyewe inabana mishipa ya vidole.

Mwenye mada, hicho kinachokutokea ni hivi. Mwili ukiona unapoteza joto unalinda moyo na viungo vya ndani kwanza, unapunguza damu inayoenda mikononi na miguuni. Kwahiyo kifua chako kikipigwa upepo vidole ndo vinalipa, hata uvae glovu nzuri namna gani. Anza na kifua na shingo. Koti lako lina zipu inayopitisha upepo? Shingoni umefunga kitu?

Halafu ukifika usikimbilie maji ya moto wala jiko la mkaa. Mkono uliokufa ganzi hausikii moto, unaungua huku unaona raha. Weka kwapani, au maji ya uvuguvugu tu ambayo ukigusa kwa kiwiko unaona ya kawaida.

Swali moja muhimu, vidole vinabadilika rangi? Kama vinakuwa vyeupe kabisa, baadae bluu, halafu vinarudi vyekundu, tena hata siku ambayo hujapanda pikipiki ukishika tu barafu, nenda hospitali wakuangalie mishipa, kuna watu mishipa yao midogo inajikaza kupita kiasi. Na kama ganzi unaipata hata mchana wa jua kapime sukari.

Mbena_wa_Masasi

Mkuu umenikumbusha nyumbani. Mi mzaliwa wa Njombe, niko Masasi mwaka wa ngapi sijui sasa, nimeoa huku huku. Njombe iko karibu mita 2000 kutoka usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba usiku inashuka chini ya nyuzi 10, na ukienda Makete huko Kitulo kuna asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu, na vijana wanaendesha bodaboda saa kumi na moja alfajiri kama kawa. Kwahiyo hili swali kwetu watu walishalijibu zamani bila kuagiza chochote.

Wala usione aibu. Newala iko zaidi ya mita 700 juu, na kwa kawaida ukipanda kila mita 1000 hewa inapoa kama nyuzi 6, maana yake ukiacha nyuzi 20 feri unakuta 15 au 16 kule juu. Mtu aliyekaa hazimsumbui sana hizo. Ila we unakata upepo wa 60 au 70 kwa masaa, na una mikono iliyokuwa inashika barafu muda si mrefu! Kwa kipimo cha wataalam wa hali ya hewa, hewa ya nyuzi 10 ukiipiga na upepo wa kilomita 60 kwa saa ngozi inapoa kama vile iko nyuzi 5. Na ukiwa na unyevu ni mbaya zaidi, maji yakikauka kwenye ngozi yanaondoka na joto lako.

Kwahiyo zuia upepo kwanza, joto litajileta lenyewe. Hizo glovu zako za kufumwa usizitupe, joto zinalo ila hazina ukuta. Juu yake vaa glovu za mpira zile nene za kuoshea vyombo, chukua saizi kubwa kabisa, nyie wa samaki mnazijua, ila hizi ziwe za barabarani tu zisiguse deli. Hapo kwa hela ya soda mbili tatu umepata kitu ambacho upepo haupiti na maji hayapiti. Zisikubane! Watu wengi wanaharibu hapo, anavaa glovu mbili zinabana mpaka damu haipiti halafu anasema glovu hazisaidii. Ukivaa lazima vidole vicheze ndani na kiganja kikunje vizuri.

Kuna wanaovaa karatasi la nailoni la mkate au la sukari (marambo si yalipigwa marufuku tangu 2019), wanaliweka juu ya glovu. Mi sikushauri liwe juu, linateleza kwenye gripu na kwenye leva. Likae katikati, glovu nyembamba, karatasi, halafu glovu nyingine juu. Baada ya muda jasho linajaa ndani, ni la kuokolea jahazi siku moja tu.

Kifua sasa. Mnavyoona bodaboda wa Njombe na Makambako wamevaa koti kinyumenyume zipu iko mgongoni mnadhani ushamba. Zipu ndo mlango wa upepo. Geuza koti, au pitisha boksi au magazeti mawili matatu kati ya sweta na koti kifuani, ukifika unatoa unatupa. Shingoni skafu, hata kanga ya mama watoto iliyokunjwa. Na vifundo vya mkono, pale daktari anapopima mapigo, damu inapita karibu sana na ngozi, chukua soksi nzito ya zamani kata ncha uvae hapo, ipande mpaka nusu ya mkono. Hako kasoksi kalinishangaza mimi mwenyewe kalivyo na kazi.

Na kuna vile vifuko vinavyovalishwa kwenye usukani unaingiza mkono humo humo na gripu na leva zote ziko ndani. Kwetu vinatumika, na ukiwa navyo hata glovu nzito huhitaji.

fundi_chuno

Nimechelewa kidogo nilikuwa na injini ya mtu. Nianze na gripu za umeme kwa sababu ndo alichouliza. Hizo nyingi zinakula wati 30 mpaka 40 zote mbili, kwa umeme wa volti 12 ni kama ampia 3. Taa yako ya mbele yenyewe ni wati 35. Pikipiki hizi za cc 100, 125, 150 chaji yake imepigiwa hesabu ya taa, honi, indiketa na kuchaji betri basi, haikupigiwa hesabu ya jiko. Ukienda mwendo mzuri mzunguko mkubwa inaweza ikavumilia, ila ukipanda mlima gia ndogo, taa imewaka, ukungu, unapiga honi, betri ndo inatoa zaidi kuliko inavyopokea na taa inaanza kufifia. We unatembea usiku. Sikushauri.

Kama utang'ang'ania basi fundi akuwekee fyuzi na rilei, umeme uende kwenye gripu pale tu switchi imefunguliwa, maana ukisahau imewaka umelala sokoni unarudi kwa kusukuma. Na gripu zinapasha kiganja tu, mgongo wa mkono ambao ndo unakula upepo unabaki vile vile, kwahiyo kinga ya upepo utaihitaji tu.

Mi ninachowafanyia watu ni dumu. Dumu la lita 5 la mafuta ya kula, lile gumu, unalikata kwa urefu upate vipande viwili vyenye mkunjo, kila kimoja unatoboa tundu unakibana na bolti ya saiti mira, chini unakifunga kwa waya au klipu kwenye usukani. Kinakaa mbele ya vidole. Upepo unagawanyika unapita pembeni. Sio kizuri kwa macho na watoto watakuita majina ila kinafanya kazi, na siku ya mvua kinazuia matone yanayochoma. Ukishafunga geuza usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, uone hakigusi tangi wala waya wa klachi, na ubane breki mpaka mwisho uone leva haigongi. Kingo za dumu zipitie moto kidogo zisikate mtu.

Ila hivi vifuko vya huyu ndugu yetu Mbena mimi nina mashaka navyo. Ukianguka mkono unatokaje humo? Na switchi ya indiketa unaitafuta kwa kupapasa. Nilishaletewa pikipiki mtu analalamika inakosa nguvu na taa ya breki haizimi, kucheki kumbe kifuko ni kitambaa laini, akifika mwendo wa 60 upepo unakisukuma kinalalia leva ya breki. Drami ya breki ilikuwa ya moto huwezi kugusa.

Mbena_wa_Masasi

Fundi hapo kwenye kulalia leva nakubali asilimia zote, nimewahi kuona. Dawa yake mbele kiwe kigumu. Sisi vinashonwa kwa turubai au ile leza (ngozi ya bandia) ya siti za pikipiki, ndani blanketi kuukuu, na mbele kinapitishwa kipande cha dumu hilo hilo lako ili kisimame. Mdomo wa kuingizia mkono uwe mpana, bila lastiki, usiweke lastiki kabisa, mkono uingie na kutoka bila kuangalia. Kabla hajaondoka akae juu ya pikipiki imesimama aingize na kutoa, atafute honi, atafute indiketa, mpaka mkono uzoee wenyewe.

Dumu tupu bila kifuko kwa Newala linatosha na glovu. Kwa Njombe halitoshi.

dereva_wa_Tunduru

Mi napiga Masasi Songea mara kwa mara. Huku chini Tunduru joto tu, ila kuitafuta Songea alfajiri ni habari nyingine, na ukisema uunganishe Njombe ule mlima wa Lukumburu usiku utaomba poo.

Ninachofanya mimi ambacho hakuna aliyesema ni kusimama. Watu hawapendi kusimama wanaona wanachelewa. Vidole vikianza kuuma, sio vikishaacha, simama pembeni sehemu inayoonekana, zungusha mkono mzima kuanzia begani duara kubwa kwa nguvu, mara ishirini thelathini kila mkono. Damu inasukumwa mpaka kwenye ncha za vidole unaisikia kabisa inaingia inawasha. Ukipata na chai ya tangawizi ya moto hapo umemaliza, ishike kikombe kwa mikono miwili na glovu zako.

Kingine usiukabe usukani. Mtu akisikia baridi anakunja mabega anabana gripu kwa nguvu zote, ukibana hivyo damu haipiti na mtetemo wote wa injini unaingia mkononi. Legeza, vidole viwe vinacheza cheza, na kwenye sehemu nyeupe isiyo na kona toa mkono wa klachi uuweke nyuma ya paja au karibu na injini kidogo uupumzishe. KARIBU na injini, sio kwenye injini wala eksozi. Kuna jamaa glovu yake ya nailoni ilinatia kwenye eksozi ikayeyuka na ngozi.

Fundi na mimi nilikuwa na wazo la gripu za umeme, umeniokolea hela.

mchuuzi_wa_feri

Duh nashukuruni sana sikutegemea majibu ya namna hii. Nesi, hapana havibadiliki bluu, vinakuwa vyeupe ncha tu nikiwa safarini na mchana niko poa, ila kupima sukari nitapima maana kwetu ipo. Koti langu zipu yake meno yameng'oka katikati nimekuwa nafunga na pini, kumbe ndo hapo.

Mbena hiyo ya mikono iliyoshika barafu umenigusa penyewe. Mi nikishapanga samaki na barafu nafuta mikono kwenye suruali navaa glovu naondoka. Glovu zenyewe hazijawahi kukauka tangu nizinunue, wife anasema zikae nje zisiingie ndani kwa harufu.

Swali kwa fundi, dumu na vifuko naweza kuanza na kipi? Na glovu za ngozi za mtumba zikoje, nimeziona pale sokoni zile za mafundi wa kuchomelea.

fundi_chuno

Anza na dumu, ni la kupata leo leo. Glovu za kuchomelea zinazuia upepo vizuri ila ni nene sana kwenye vidole, leva huisikii, na zikilowa zinakaa na maji siku nzima. Kwenye mtumba tafuta zile za watu wa kwenye theluji, nje nailoni ndani pamba pamba, ukizipuliza mdomoni pumzi isitokee upande wa pili hizo chukua. Sleva (mkono wa koti) iingie ndani ya glovu, siku ya mvua ndo unageuza glovu inaingia ndani ya sleva maji yasitiririkie mkononi.

nesi_wa_kusini

Na kabla ya glovu nawa mikono maji ya kawaida ukaushe na taulo kavu kweli kweli, mpaka katikati ya vidole. Beba taulo lako kwenye mfuko. Mafuta ya mgando ukitaka paka kidogo kuzuia ngozi kupasuka, ila yasikudanganye, hayaleti joto, na yakiwa mengi leva itateleza.

Mama_Cherehani_Mikindani

Mwanangu mchuuzi mimi nashona, siti za pikipiki na makava ya viti vya daladala nimeshona sana, hivyo vifuko sijawahi kupewa oda lakini kwa maelezo ya huyo baba wa Masasi nimeshavielewa. Leza ninayo ya vipande, nyeusi na maroon. Blanketi lete la kwako. Kitu nitakachotaka ni pikipiki yenyewe ije, nikupime umekaa na mikono iko kwenye gripu, maana kila mtu na mkono wake na we leva umezifunga unavyojua wewe. Na saiti mira zitoe kwanza ili nijue tundu linapita wapi.

mchuuzi_wa_feri

Mama shikamoo. Jumamosi mchana nikishuka Newala nitapitia Mikindani, uko maeneo gani pale? Nije na dumu nimeshalikata au nilete zima?

Mama_Cherehani_Mikindani

Marahaba mwanangu. Karibu na stendi, uliza mama wa siti watakuleta. Lilete zima, nilikate mimi kwa kufuata kitambaa. Na hilo koti la pini lije, zipu ninazo.